Mwanga katika Tundu la Jeti

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Ilikuwa ikipanda kutoka upande wa Keroka, na fundi, aliyekuwa amechuchumaa akikaza mnyororo wa pikipiki nyingine, aliacha spana hewani akatega sikio. "Hiyo inakunywa kuliko inavyokimbia," akasema, kisha akarudi kwenye mnyororo wake. Baada ya muda ikaingia uani, ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, ikazima bila kuzimwa. Kijana aliyeiendesha hakushtuka. Alikuwa ameshazoea.

"Bwakire, tata," akaamkia, kofia ya chuma mkononi. Kwa Wagusii tata ni baba, na ndivyo vijana wote wa boda boda wanavyomwita fundi huyu. Naye aliitikia, akamwuliza habari za nyumbani, habari za mama, habari za barabara. Pikipiki hakuigusa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigogo chini ya mparachichi tangu asubuhi, na nilikaa pale mpaka jua likaelekea kutua. Nilikuja Gesima kumtazama mtu mmoja akifanya kazi moja. Hana karakana. Ana ua: nyumba ya mabati, banda la ng'ombe, na kipande cha ardhi kilichokanyagwa na kumwagikiwa oili miaka mingi mpaka kikawa kigumu na cheusi kama lami. Juu ya benchi kuna sinia jeupe la bati, bisibisi nne, spana ya plagi, spana chache za namba, pampu ya baiskeli, kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, daftari la shule lenye jalada la bluu, na kiberiti ambacho hakina njiti. Kiberiti hicho nitakirudia.

Gesima ni kata ya eneo bunge la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira. Ni nchi ya vilima, chai ikiwa imefunika migongo yake na migomba ikiwa imezunguka nyumba. Njia za kuteremka mashambani ni za udongo mwekundu, na mvua haikawii kurudi. Kabla pikipiki hazijaenea, mzigo wa huku ulipanda kilima kwa kichwa au kwa mgongo. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, zile zisizozidi cc 250, na mambo yakageuka haraka. Leo pikipiki inabeba magunia ya majani chai mabichi hadi kituo cha kupimia, inabeba ndizi hadi soko la Keroka, pale mpakani mwa Kisii na Nyamira, inabeba mtoto wa shule na mama anayekwenda kujifungua. Injini ikizima katikati ya mlima huku imebeba gunia la ndizi, si kero ndogo. Pikipiki hurudi nyuma.

Fundi alimaliza mnyororo, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaketi mbele ya kijana. Ndipo maswali yakaanza.

"Asubuhi unavuta choki?"

"Sivuti, tata. Kiki ya kwanza inawaka."

"Kwa baridi hii yetu, bila choki?"

Kijana alinyamaza. Mimi nami sikuelewa mara moja. Kazi ya choki ni kuziba hewa ili injini baridi ipate petroli nyingi zaidi. Injini inayowaka asubuhi ya baridi bila kuhitaji msaada huo tayari inapewa petroli kupita kiasi. Hata skrubu moja ilikuwa haijaguswa, na fundi alikuwa ameshapata nusu ya jibu.

Akaendelea. Usiku koki ya petroli inafungwa? Haifungwi. Asubuhi kuna harufu ya petroli? Ipo, na chini ya injini kuna alama ya unyevu. Inazima ukiwa umeachia mkono wa mafuta kabisa, au ukiwa umeuzungusha nusu, au wote? Inazima ukiachia, na mlimani inakosakosa ukiwa katikati. Na nani ameifungua kabla ya leo? Kijana akaeleza kwamba kulikuwa na mtu njiani aliyeizungusha skrubu moja ya pembeni, ikatulia siku mbili, kisha ikarudi vile vile. Fundi hakumsema vibaya huyo mtu. Alifungua daftari akaandika.

Swali la mkono uko wapi ndilo swali kubwa, nami nitalieleza kwa sababu bila hilo kazi yote iliyofuata itaonekana kama kubahatisha. Kabureta ni bomba fupi lenye kiuno. Hewa inayovutwa na injini inapita hapo kiunoni kwa kasi, na inapoongeza kasi msukumo wake unashuka, hivyo petroli iliyo kwenye bakuli la chini inapanda yenyewe kupitia matundu madogo na kuchanganyika na hewa hiyo. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi aliieleza tabia hiyo ya vitu vinavyotiririka mwaka 1797, kabla hata ya kuwako injini ya petroli, na mwaka 1893 Donát Bánki na János Csonka wa Hungaria wakaandikisha hataza ya kabureta. Petroli ikitaka kuungua yote, kila gramu moja inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Matundu yanagawana kazi. Mkono ukiwa umeachiwa, petroli inapita kwenye jeti ndogo. Mkono ukifika katikati, sindano iliyoning'inia kwenye kizibo cha duara kinachopanda na kushuka ndiyo inayopima. Mkono ukizungushwa wote, jeti kubwa inatawala. Kwa hiyo ukijua mkono ulikuwa wapi injini ilipokosa, unajua ni tundu lipi la kushuku.

Mafundi wengi wakiona moshi mweusi hukimbilia kabureta. Huyu alikwenda kwenye plagi. Kwanza alichukua brashi akasugua pembeni yake, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, ili mchanga usije ukaanguka ndani ya silinda plagi itakapotoka. Akaifungua kwa mkono mwepesi, akaishika kwenye kivuli, kwa maana jua kali hudanganya rangi. Ilikuwa nyeusi, kavu, kama sehemu ya chini ya sufuria ya kuni. Akapitisha kucha, masizi yakatoka kama unga. "Yangekuwa ya mafuta-mafuta, ningeogopa ringi za pistoni," akaniambia. "Haya makavu ni petroli iliyokosa hewa." Halafu akavuta kijiti cha oili, akasugua tone kati ya vidole, akanusa. Petroli inayofurika kwenye kabureta huweza kuteremka hadi kwenye oili na kuipunguza nguvu. Alinusa mara mbili. Oili ilikuwa salama.

Bado kabureta haikuguswa. Akafungua kichujio cha hewa. Sifongo lilikuwa limejaa vumbi jekundu mpaka limekuwa zito kama kipande cha muhogo. Alilifua kwa maji ya sabuni katika karai, akilikamua kwa viganja kama anayekamua nazi, bila kulisokota, kwa sababu sifongo likisokotwa hupasuka. Akalisuuza mara tatu, akalitandaza juu ya ua wa michongoma, jua likaanza kazi yake. Tukanywa chai.

Niliuliza kwa nini asifungue kabureta wakati huo tukisubiri. Akasema kichujio kilichoziba peke yake kinatosha kuleta moshi mweusi. Akifungua vyote viwili kwa pamoja, pikipiki ikipona hatajua kilichoiponya, na ikiugua tena hatajua aanzie wapi. Wala hakukubali kuijaribu bila kichujio, maana hewa ingeingia nyingi kuliko kawaida na jibu lingekuwa la uongo. Tulisubiri karibu saa nzima. Kijana alikuwa akikosa abiria, na uso wake ulionyesha hivyo, lakini hakuna aliyemharakisha mzee.

Sifongo lilipokauka alilidondoshea oili kidogo, akalibinyabinya mpaka likaenea, akalirudisha. Akaisafisha plagi, akapiga kiki. Moshi ulikuwa umepungua, lakini haukuisha. Injini ilinguruma, ikayumba, ikazima. Ndipo akasema, "Sasa tufungue."

Alifunga koki. Akachomeka lile bomba la plastiki kwenye mdomo mdogo ulio chini ya bakuli la kabureta, akalikunja kuelekea juu, akalishika sambamba na ubavu wa kabureta, akalegeza skrubu ya kumwagia, akafungua koki tena. Petroli ikaingia bombani, na kwa kuwa majimaji hutafuta usawa wake, tuliona kwa nje mahali ilipofika ndani. Inapaswa kusimama chini kidogo ya mstari ambapo bakuli linakutana na mwili. Hii ilifika kwenye mstari, ikaupita, ikaendelea kupanda polepole kama maji ya mtungi unaovuja kisimani. Fundi hakusema neno. Alininyooshea kidole tu niangalie.

Akamwaga petroli ya bakuli juu ya sinia jeupe. Katikati ya ile petroli kulikuwa na shanga tatu za maji, duara kamili, zikiteleza bila kuchanganyika na chochote. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, pale pale jeti zinaponywea. Akaelekeza kidole kwenye mfuniko wa tangi: mpira wake umekatika, na pikipiki inalala nje kwenye mvua. Kisha akachovya kidole katika petroli, akakipaka kwenye kiganja, akangoja. Petroli safi hupotea na kuacha ngozi kavu. Iliyotiwa mafuta ya taa huacha utelezi na harufu inayokawia. Mchezo huo wa kuchanganya ulikuwa mkubwa nchini kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuuzima. Kiganja kilikauka. "Petroli ni nzuri," akasema.

Kutoa kabureta ni kazi ya dakika chache, nayo aliifanya bila madaha. Kilichonivutia ni alichokifanya na kizibo chenye sindano. Alifungua kofia ya juu, akakivuta polepole, sindano ikafuata ikimetameta, nyembamba kama ya kushonea magunia. Haikulazwa juu ya tangi wala kuachwa ikining'inia. Aliizungushia kitambaa laini akaifunga kwenye usukani kwa uzi, mbali na viwiko. Sindano iliyopinda hata kidogo hukwaruza njia yake na kuharibu kipimo cha katikati, na hakuna wa kuinyoosha ikarudi ilivyokuwa.

Skrubu za bakuli ni laini, na kichwa chake kikishaliwa kazi imekuwa vita. Aliweka bisibisi, akagonga mpini mara moja kwa kiganja, akakandamiza kwa uzito wa bega, na kuzungusha kama asiyetaka. Kila kitu kilichotoka kilipangwa kwenye sinia kwa mpangilio wa kutoka kwake, kuanzia kushoto. Bakuli. Gasketi. Kijiti kinachoshika boya. Boya lenyewe, ambalo mafundi wanaliita floti. Alilitikisa karibu na sikio asikie kama limenywa petroli. Halikuwa na sauti. Hata hivyo alilizamisha katika kikombe cha maji moto akaangalia kama litatoa mapovu, kwa sababu tundu dogo huwa halisikiki. Hakuna povu lililotoka.

Halafu akaokota kile kisindano kifupi kinachoziba petroli boya linapopanda. Ncha yake ni ya mpira. Alinipa nikiangalie, sikuona kitu. Akaniambia nipitishe ukucha. Ndipo nikauhisi mfereji, pete iliyochongeka kuizunguka ncha, isiyozidi upana wa unywele. Miaka ya kupanda na kushuka, kufunga na kufungua, imekula mpira ule mpaka petroli ikapata mlango. Harufu ya asubuhi, unyevu chini ya injini, choki isiyohitajika, masizi kwenye plagi, vyote vilikuwa vimeingilia katika ule unywele.

Lakini hilo halikueleza kuzima. Injini inayozama kwenye petroli hukohoa na kufuka moshi. Hii ilikuwa pia ikififia kama mtu anayeishiwa pumzi mkono ukiachiwa. Kwa hiyo jeti ndogo. Ana bisibisi moja aliyoinoa mwenyewe kwa tupa ili iingie sawasawa kwenye ufa wa jeti hiyo, na kwa kazi nyingine haitumii. Jeti ikatoka, kitu cha shaba njano kilicho kifupi kuliko punje ya mahindi. Akaielekeza mbinguni, akafumba jicho moja, akaangalia kwa muda, akanipa.

Nilitegemea kuona nukta ya mwanga. Niliona mwezi mwandamo. Upande mmoja wa tundu ulikuwa umezibwa na ule utando wa kahawia unaobaki petroli inapokauka, na mwanga uliobaki ulikuwa umepinda kama hilali.

Hapo ndipo kiberiti kilipofunguliwa. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za shaba nyekundu zilizochomolewa kutoka kwenye waya laini wa umeme, moja moja, zikiwa zimenyooshwa. Aliichagua moja akaipitisha kwenye tundu la jeti, ikaingia, ikatoka, bila nguvu. Hatumii waya wa chuma wala sindano ya kushonea. Shaba nyekundu ni laini kuliko shaba njano ya jeti, kwa hiyo kama kuna kitakachokwaruzwa ni uzi, wala si tundu. Tundu lililopanuliwa kwa pini haliponi tena, na mwenye pikipiki atalipia petroli ya ziada kila siku bila kujua ni kwa nini. Aliiloweka jeti kwenye petroli safi, akapitisha uzi, akapuliza kwa pampu, akaangalia angani. Bado mwezi. Akarudia. Mara ya nne alinipa tena, nikaona duara kamili, dogo, jeupe, lisilo na doa.

Akaja kwenye skrubu ya pembeni, ile iliyochezewa njiani. Kabla ya kuifungua aliifunga hadi mwisho kwa ncha za vidole tu, akihesabu: moja, mbili, tatu, na robo tatu. Akaandika kwenye daftari. Kawaida yake ni kama mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho. Sasa nikaelewa kwa nini pikipiki ilitulia siku mbili. Jeti ilikuwa inaziba, mtu akafungua skrubu zaidi ili kufidia, na uchafu ukaendelea kukua nyuma ya fidia hiyo. Aliitoa pamoja na springi yake, kiringi cha bati na kile kipira kidogo ambacho watu hukipoteza ndani ya tundu, akavihesabu kwa sauti, akaviweka kwenye sinia. Njia zote za ndani ya kabureta akazipuliza kwa pampu, kidole kimoja kikiziba tundu hili ili hewa itokee kule, tundu baada ya tundu, mpaka akaridhika kwamba kila mlango unajua mwenzake.

Jeti kubwa aliiangalia, ikawa safi, akairudisha. Sindano aliiangalia, klipu inayoishikilia iko kwenye mfereji wa kati, akaiacha. Niliona kwamba vitu alivyoviacha kama vilivyo vilikuwa vingi kuliko alivyovibadilisha, na kila kimoja kiliachwa baada ya kutazamwa.

Kisindano kipya cha boya kilitoka kwenye pakiti. Alikifunga, akageuza kabureta chini juu, akapuliza kwa mdomo kwenye njia ya petroli. Pumzi ilikataa. Akaigeuza wima, pumzi ikapita. Akafunga bakuli, akarudisha bomba la plastiki, akafungua koki. Petroli ikapanda, ikasimama chini kidogo ya mstari. Aliiacha hapo na kwenda kuwapa ng'ombe majani. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba kijana alianza kumtafuta kwa macho. Aliporudi, akainama, akaangalia. Ilikuwa pale pale.

Kizibo cha duara kina ufa ubavuni unaotakiwa kukaa kwenye kijino kilicho ndani ya kabureta. Kikiingizwa kinyume, injini itawaka ikipiga kelele na mkono hautaishusha. Alikishusha akikizungusha taratibu mpaka kikaanguka chenyewe mahali pake, kisha akazungusha mkono wa mafuta na kuuachia. *Tak.* Akaurudia mara tano au sita, akisikiliza ile tak kama mtu anayegonga mlango wa jirani na kusubiri. Baada ya kuwasha alikata usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho; mngurumo haukubadilika, maana yake kebo haivutwi. Akanyunyizia maji kidogo penye kiungio cha kabureta na injini. Kama kungekuwa na ufa, maji yangevutwa na sauti ingebadilika. Haikubadilika.

Kijana alitumwa akazunguke ili injini ipate joto, kwa sababu kabureta hairekebishwi ikiwa baridi. Aliporudi, fundi alichuchumaa, bisibisi kwenye skrubu ya pembeni, akafumba macho. Kuna kabureta ambazo skrubu hii iko upande wa injini, na hizo ukifungua unaongeza petroli. Nyingine iko upande wa kichujio, na hizo ukifungua unaongeza hewa. Asiyejua tofauti hiyo atahangaika siku nzima akienda kinyume. Alizungusha robo, akangoja. Injini haijibu papo hapo. Inahitaji kuhesabu hadi kumi. Robo nyingine. Mngurumo ukapanda kidogo, ukalainika. Robo nyingine, ukaanza kupiga hatua zisizolingana, kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Akarudi robo. Akarudi nusu ya robo. Sasa ukasawazika. Mngurumo ulikuwa umepanda mno, kwa hiyo akaushusha kwa skrubu nyingine, ile ya mwendo wa kutulia, na kisha akairudia ya kwanza, kwa sababu ukigusa moja umeihamisha na mwenzake. Alikwenda na kurudi kati ya hizo mbili mara tatu. Mwishowe pikipiki ilisimama pale ikinguruma chini chini, na kuku wakapita mbele yake bila kukimbia.

Nilidhani kazi imekwisha. Fundi akachukua kipande cha plasta nyeupe, akakibandika kwenye mkono wa mafuta, na kingine kwenye kisanduku cha swichi, vikutane mkono ukifika nusu. Akamwambia kijana apande mlima wa kuelekea Keroka alama mbili zikiwa zimekutana, asiongeze wala kupunguza, na akifika juu akamate klachi na kuzima injini hapo hapo, arudi akiteremka ikiwa imezimwa. Injini ikiachwa ikinguruma wakati wa kurudi, plagi itasimulia habari za mteremko, na tulichotaka kujua ni habari za mlima.

Plagi ilirudi na rangi ya kahawa chungu. Fundi aliitazama, akatikisa kichwa kidogo. Alitaka rangi ya tofali lililochomwa.

Akanieleza huku akikunjua kile kitambaa kwenye usukani kwa mara ya pili. Pikipiki hizi hutoka viwandani India na China zikiwa zimepimwa kwa watu wa nchi za chini. Hapa tuko juu ya mita 1,800, na kwa vilima vya kimo hiki msukumo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganishwa na wa Mombasa. Kila pumzi ya injini ina hewa kidogo, lakini tundu la petroli ni lile lile. Mchanganyiko unakuwa mzito wenyewe, bila kosa la mtu. Sindano ina mifereji mitano ya klipu. Ukipandisha klipu mfereji mmoja, sindano inashuka, tundu linabanwa, petroli inapungua. Aliipandisha mmoja tu. Nilimwuliza kwa nini asipandishe miwili na kuokoa petroli zaidi. "Mzito unakula mfuko," akasema, "mwepesi unakula pistoni." Mchanganyiko wenye hewa kupita kiasi huungua kwa joto kali, na joto hilo halina moshi wa kuonya.

Huko India, tangu sheria mpya za moshi zilipoanza Aprili 2020, pikipiki nyingi mpya zinapimiwa petroli kwa kompyuta ndogo. Zinazopanda vilima vya Nyamira kwa wingi bado ni za kabureta, na kwa hizo kipimo kinabaki mikononi mwa watu kama huyu, wenye jicho la kusoma plagi na sikio la kungoja hadi kumi.

Kijana akapanda tena. Tulimsikiliza. Safari hii sauti ilikwenda moja, ikanyooka mlima mzima, ikakatika ghafla kule juu alipozima. Aliporudi, plagi ilikuwa na rangi ya tofali. "Buya mono," yaani vizuri sana, akasema fundi, kwa sauti ya chini, na nadhani alikuwa akiiambia plagi.

Akakata kipande cha tyubu kuukuu cha baiskeli, akakipima kwenye mfuniko wa tangi, akakipunguza kwa wembe, akakifunga badala ya mpira uliokatika. Akamwambia kijana afunge koki kila usiku na arudi baada ya juma moja, hata kama hakuna tatizo, plagi itazamwe. Uzi wa shaba alioutumia aliunyoosha kati ya vidole viwili, akaufuta, akaurudisha kwenye kiberiti. Kisha akafungua daftari la bluu. Chini ya mstari wa mizunguko mitatu na robo tatu akaandika mzunguko mmoja na nusu na kidogo, kisindano kipya, klipu mfereji wa pili kutoka juu, rangi ya tofali. Akaruka mstari mmoja, akaandika tarehe ya juma lijalo, na mbele yake akaacha nafasi wazi.